Sikiliza Kisigino

Lita 1 ya zege lililokauka ina uzito wa kilo 2.4 hivi. Kwa hiyo kopo la rangi la lita 4, likijazwa zege, ni kilo 9 na nusu. Ndoo ya rangi ya lita 20 ni kilo 48. Hesabu hiyo nilipewa uani, nyuma ya nyumba moja mjini Magu, ambako vijana wamechomeka bomba la chuma kati ya ndoo mbili za zege na kupata kitu ambacho jimu za mjini Mwanza hukinunua kwa bei ya ng'ombe. Benchi ni mbao zilizosalia kwenye ujenzi. Kioo hakuna. Kocha, kijana ambaye asubuhi hupakia magunia ya mpunga kwenye malori, hakitaki.

"Ukijitazama, mzee wangu, utaacha kujisikia."

Nilicheka, maana mtaani anayejisikia ni mwenye maringo, na sijaona maringo kama ya kijana aliyemaliza mwezi wake wa kwanza wa kupiga tizi. Lakini kocha alilitumia neno kwa maana yake ya asili: kuusikia mwili wako kutoka ndani. Anayejitazama kwenye kioo anauona mkono. Uti wa mgongo hauoni, na huko ndiko watu wanakoumia.

Nilikwenda pale kwa ajili ya mgongo wangu, uliochoshwa na kiti cha ofisini. Nikabaki kwa sababu ya namna anavyoinama.

Wengi wetu tunainama kwa kukunja mgongo. Yeye anarudisha makalio nyuma, kama mtu anayefunga mlango kwa matako huku mikono yote imeshika ndoo. Mgongo unabaki ubao. Kinachokunjika ni nyonga. Kwanza anapanga miguu, bomba likiwa juu ya katikati ya unyayo, karibu kugusa muundi. Anashika. Hanyanyui. Analivuta bomba kidogo tu, mpaka ulegevu wote wa viwiko na mabega uishe, kama kamba ya mtumbwi inavyokazwa kabla mtumbwi haujasogea. Halafu anavuta pumzi na kuishusha mpaka tumboni, kiuno kizima kinavimba, mbele, ubavuni na nyuma, na anaifungia humo. Nilimuuliza pumzi ile ni ya nini. Akanionyesha magunia mawili yaliyoegemezwa ukutani: lililojaa limesimama lenyewe, lenye nusu limejipinda. Sikuuliza tena.

Ndipo anaisukuma ardhi. Hiyo ndiyo lugha yake, na anawasahihisha wanaosema vingine: chuma hukivuti juu, unaisukuma ardhi chini kwa visigino, chuma kinakufuata. Kinapanda kikipaka muundi, kikipita magotini, kikiteleza juu ya mapaja kwa mstari ulionyooka, mpaka mtu amesimama wima. Kukishusha kunamchukua muda mrefu zaidi ya kukipandisha. Wanaobwaga chuma kwa kishindo anawaambia wamefanya nusu ya zoezi, na nusu iliyobaki wameifanyia majirani.

Sababu ya kukikumbatia chuma hivyo, kila aliyewahi kuchota maji anaijua. Ndoo ya lita 20 iliyobanwa kifuani inabebeka. Inyooshee mikono mbele, na kabla hujahesabu 10 kiuno kinalia. Maji hayajaongezeka. Kilichoongezeka ni umbali kati ya ndoo na nyonga, na mgongo unatozwa uzito mara umbali huo. Makuli wa mpunga wanalijua hili kuliko sisi wenye viti. Gunia la kilo 100 haliinuliwi na mtu mmoja. Wawili wanalinyanyua, wa tatu anaingia chini yake na kulipokea juu kabisa, mabegani na shingoni, ili uzito ushuke moja kwa moja mpaka miguuni. Akitaka kugeuka, anageuza nyayo kwa hatua fupi fupi. Kiuno hakizunguki hata kidogo.

Mimi nilipewa bomba tupu. Kocha alisimama nyuma yangu na kugonga kwa kidole nyuma ya paja: "Hapa pamelala. Paamshe." Niliona aibu, maana sikujua paja linaamshwa vipi. Siku ya nne au ya tano, nikiwa nimeinama na bomba lile la bure, kitu kilikaza kule nyuma, kama kamba iliyokuwa imelegea kwa miaka. Bomba halikuwa na uzito wowote na jasho lilinitoka.

Wataalamu wana maelezo ya jambo hilo. Mwaka 1979 Toshio Moritani na Herbert deVries walionyesha kwamba nguvu anayoipata mtu katika wiki za mwanzo za mazoezi inatokana zaidi na mishipa ya fahamu kuliko na misuli kunenepa. Ubongo unajifunza kuiita misuli iliyokuwepo siku zote. Katika utafiti wa mwaka 2018 Brad Schoenfeld na wenzake waliwachukua vijana wa kiume wasio na mazoea ya kunyanyua vyuma, wakawafundisha kwa wiki 8. Kundi moja liliambiwa liubane msuli kwa fikra, jingine likaambiwa lifikirie tu kuufikisha uzito juu. Msuli wa mbele wa mkono uliongezeka unene kwa asilimia 12.4 kwa kundi la kwanza, na 6.9 kwa la pili. Kwenye mapaja tofauti ya namna hiyo haikuonekana. Labda paja, kwa watu wengi, limelala zaidi. Hayo ni mawazo yangu, si yao.

Ila kuna mpaka. Utafiti wa Joaquín Calatayud na wenzake, wa mwaka 2016, uliwapima watu waliolala kwenye benchi wakisukuma chuma juu. Wakiwa na uzito mdogo au wa kati, kuielekeza akili kwenye kifua kuliamsha kifua zaidi. Uzito ulipofika asilimia 80 ya ule wanaouweza kwa mara moja tu, fikra haikuongeza kitu. Chuma kizito kinauita mwili wote bila kukuomba ruhusa. Gabriele Wulf naye ameonyesha kwa miaka mingi kwamba anayetafuta ufanisi wa tendo hufanya vizuri zaidi akili yake ikiwa nje ya mwili, kwenye chombo au kwenye lengo. Kocha wangu hajasoma hata mmoja kati ya hao. Lakini kwenye bomba tupu anakuuliza paja linasema nini, na kwenye ndoo za kilo 48 anakuambia neno moja: ardhi.

Ufundi wa kubeba huku ni wa zamani kuliko jimu. Ghuba iliyo mbele ya Magu imepewa jina la John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika Mwanza na kuliona ziwa Agosti 1858. Vitu vyake havikutembea vyenyewe. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika misafara ya enzi zile ulikuwa kama frasila 2, kilo 30 na ushee, siku baada ya siku, na wapagazi wa huku bara walisifika njia nzima mpaka pwani. Ziwa hilihili, upande wa Kenya, lina wanawake wa Kijaluo ambao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, pamoja na wenzao wa Kikikuyu, walipimwa hewa waliyoitumia wakitembea na mizigo. Mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili, mzigo haukuwagharimu chochote zaidi ya kutembea mikono mitupu. Mwanamke wa kilo 60 anabeba kilo 12 bure! Siri ilipochunguzwa baadaye ilikuwa kwenye hatua: mwili wao unabembea kama pendulo na kupoteza nguvu pungufu kuliko wengine. Huo ni ufundi wa tangu utotoni, na sijui jimu inayoufundisha.

Nikirudi kwenye ardhi ya kocha, naikumbuka bugobogobo. Ngoma hii ya Wasukuma ilianzia shambani: wakulima wamejipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo mmoja, na anayelima hausikilizi mkono wake unaouma. Anaisikiliza ngoma. Mkono ukichoka, sikio linaendelea, na mkono unalifuata. Uwanjani jembe hilohilo linarushwa juu, linazungushwa, linadakwa kwa mpini bila mchezaji kupoteza hatua. Jembe ni chombo kibaya kukirusha: uzito wote uko upande mmoja, na kinapozunguka kinataka kukuvuta bega. Anayelidaka vizuri amekwisha kunja nyonga kabla halijafika. Mgongo ni ubao, magoti yamelegea, visigino viko chini. Ni mkao uleule wa uani, ila huku kuna nyimbo.

Bugobogobo huchezwa Bujora, Kisesa, humuhumu wilayani Magu, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement. Sherehe ya Bulabo huja wakati wa sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi mwezi Juni. Vikundi vya Bagalu na Bagika, wafuasi wa mafundi wawili wa ngoma, mahasimu wa karne ya 19, Gumha na Ngika, hucheza kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake.

Ukifika huko, usilifuate jembe kwa macho likiwa hewani, kila mtu analitazama hilo. Tazama visigino vya aliyelirusha.