Fundi wa Sentensi ya Mfano

Aliyewahi kusahihisha insha za Kiingereza katika shule za msingi za Kenya anaijua mvua ile. Hainyeshi hivi hivi. Inanyesha paka na mbwa, "it was raining cats and dogs", tena tangu mstari wa kwanza, kabla mhusika hata mmoja hajatajwa. Mwanafunzi ameikariri nahau yake vizuri: maana anaijua, tahajia ni safi, sarufi haina kasoro. Bado imemkaa kama suti ya kuazima. Kinachopungua hapo ndicho kinachowahangaisha mchana kutwa watu ambao majina yao hatuna desturi ya kuyasoma, yaani watunzi wa kamusi, hasa wale wanaoandika ule mstari mfupi wa herufi za mlazo unaokaa chini ya maana.

Mstari huo hudharauliwa. Sifa huiendea fasili, mfano ukachukuliwa kuwa nyongeza tu. Kwa neno kama "meza" huenda ni sawa. Kwa nahau si sawa hata kidogo, kwa sababu mtu anaweza kuijua maana ya nahau barabara na bado kila anapoitia kwenye sentensi wenye lugha wakatazamana.

A. S. Hornby aliliona hilo Japani, alikokwenda mwaka 1924 kufundisha Kiingereza. Vitabu wanafunzi wake walivisoma. Shida ilikuwa kuandika. Akishirikiana na E. V. Gatenby na H. Wakefield, alitunga kamusi ya mtu anayetaka kuitumia lugha, si kuielewa tu. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, Japani na Uingereza zikiwa vitani, nayo ilibeba nahau hadi kwenye jina lake: Idiomatic and Syntactic English Dictionary. Mwaka 1948 Oxford University Press iliitoa upya, na kizazi chake ndicho kile kitabu kinene cha Oxford Advanced Learner's ambacho shule zetu nyingi zimekichakaza hadi jalada likabanduka. Hornby alikuwa na sikio la mwalimu. Alijua mwanafunzi atakwama wapi, akamwekea neno linaloandamana na lenzake, kihusishi kikiwa mahali pake, kabla hajaja kuuliza.

Lakini sikio la mtu mmoja, hata likiwa kali namna gani, halisikii kila kitu. Hapo anaingia John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham. Yeye na wenzake, kwa ushirikiano na kampuni ya uchapishaji ya Collins, walikusanya mamilioni ya maneno kutoka vitabu, magazeti na mazungumzo, wakayaingiza kwenye kompyuta, na mwaka 1987 wakatoa kamusi ya COBUILD. Waliapa kutotunga mifano. Kila sentensi iwe imesemwa au kuandikwa na mtu kwa shughuli zake mwenyewe, bila kujua kwamba iko siku ingeingia kamusini.

Namna wanavyosoma inastahili kutazamwa. Kompyuta huitafuta nahau katika lundo lote la matini na kuipanga katikati ya ukurasa, ikiwa na kipande cha sentensi kushoto na kipande kulia, mstari chini ya mstari. Mtunzi hasomi kwenda kulia kama sisi. Anasoma kwenda chini. Anashuka na safu moja, anarudi juu, anashuka na safu ya pili, akiangalia nini kinajirudia. Sentensi zenyewe zimekatwa vichwa na miguu. Habari iliyokuwa ikisimuliwa haimhusu. Anachotafuta ni majirani wa nahau.

Sinclair alifanya hivyo kwa "the naked eye", ambayo sisi tungesema macho matupu, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1996 bado ni somo tamu. Hatua moja kushoto kwa "naked" karibu kila mara kuna "the". Hatua ya pili kuna kihusishi, na mara nyingi ni kimoja kati ya viwili: "with" au "to". Hatua ya tatu kuna habari ya kuona. Ikiwa ni kitenzi kama "see", kihusishi kitakuwa "with". Ikiwa ni sifa kama "visible", kitakuwa "to". Mpaka hapo mwalimu makini wa sarufi angeweza kufika mwenyewe. Sinclair akasogea kushoto zaidi, ambako maneno hayafanani tena kwa umbo, akakuta yanafanana kwa nia. Kitu ni kidogo mno, ni hafifu, ni vigumu kukiona, kinaonekana kwa shida, pengine hakionekani kabisa. Nahau hii haisimami pale tu penye jicho na kitu cha kutazamwa. Inasimama pale ambapo kuona kuna ugumu.

Ndiyo maana huwezi kusema umemwona mjomba stendi ya basi "with the naked eye". Sarufi inakuruhusu. Fasili pia inakuruhusu, maana hukuwa na darubini. Ila mjomba ni mtu mzima mwenye kanzu na begi, na kumwona si kazi.

Sasa mkabidhi fundi karatasi, aandike mfano. Ataanza na nyota, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kumjia kila mtu: nyota inaonekana kwa macho matupu. Ataifuta. Nyota nyingine zinawaka kiasi kwamba msomaji anaweza kudhani nahau nzima ni njia ndefu tu ya kusema "macho". Akiongeza "bila darubini", ameirudia fasili ndani ya mfano, na nafasi aliyonayo ni finyu. Basi anaiacha mbingu. Anaandika: "The crack was barely visible to the naked eye." Maneno tisa. Ufa umekifanya kitu kuwa kidogo bila kutamka udogo. "Barely" imebeba ule ugumu. "Visible" imevuta "to", na mwanafunzi ameuhifadhi mfuatano huo kichwani pasipo kuhubiriwa kanuni. Hakuna jina la mtu wa kumtatiza, wala kiwakilishi kinachoelekeza kwa mtu aliyetajwa ukurasa uliopita.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nisikubaliane kabisa na kiapo cha Birmingham. Sentensi iliyonyofolewa gazetini mara nyingi huja na mizigo ya nyumbani kwao: waziri fulani, kashfa fulani, "hao" wasiojulikana ni akina nani. Sentensi ya kubuni nayo huweza kuwa safi mno, haina harufu ya mtu. Naona fundi bora ni yule anayesoma mistari halisi mpaka macho yamuume, kisha akaipunguza au akatunga yake, majirani wote wakiwa wamekaa mahali pao.

Mmoja wa waliolifikisha mbali jambo hili la majirani wa maneno alikuwa Bill Louw, wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe. Katika makala yake ya mwaka 1993 alionyesha kwamba "bent on" hufuatwa na shari: mtu amekazania kuharibu, kulipiza, kuangamiza. Kisha akamgeukia mwandishi David Lodge, ambaye katika riwaya yake ya wasomi wanaozunguka dunia kwa makongamano anawaonyesha "bent on" kujiendeleza kielimu. Msomaji anatabasamu kabla hajajua kwa nini. Kejeli yote imo katika jirani asiye wa kawaida.

Na ile mvua ya paka na mbwa? Rosamund Moon, aliyefanya kazi katika mradi huohuo wa COBUILD, alichapisha utafiti mwaka 1998 ulioonyesha kwamba nahau nyingi zenye picha kali, zile zinazopendwa na vitabu vya kiada, hupatikana kwa nadra sana katika matini halisi. Mwalimu amezipenda kwa kuwa zinang'aa.

Kiswahili nacho kinangoja mafundi wa namna hii, na mali ghafi ipo. Chuo Kikuu cha Helsinki kimekuwa kikikusanya matini yetu kwa miaka mingi. Chukua "kukithiri". Shuka na safu yake katika gazeti lolote la Dar es Salaam au Nairobi: rushwa imekithiri, wizi wa mifugo umekithiri, ajali za bodaboda zimekithiri, umaskini uliokithiri. Au "kugubikwa": huzuni, hofu, utata, simanzi. Malenga wa mapenzi simsemei, yeye ana ruhusa yake ya kukithirisha anachotaka, na akifanya hivyo tunajua anaumwa. Lakini mgeni akiambiwa kwamba kukithiri ni kuzidi tu, bila mfano hata mmoja, msimlaumu siku atakapowaandikia maharusi kadi ya kuwaombea nyumba iliyogubikwa na furaha na upendo uliokithiri.