Homa ya Uti wa Mgongo: Jina na Dalili Zake

Istilahi ya kitabibu hupimwa kwa vipimo viwili: usahihi wake kwa mtaalamu na msaada wake kwa mgonjwa. Makala haya yanakusudia kuyachunguza maneno yatumikayo kuuelezea ugonjwa uletwao na bakteria wa meningokoka, ambao usipotibiwa mapema waweza kuua katika muda wa saa 24.

Jina lililoenea ni homa ya uti wa mgongo. Jina hilo limekwisha kuota mizizi, wala hatudai ling'olewe. Hata hivyo, lamwelekeza msikilizaji mgongoni, ilhali kinachovimba ni tando zinazofunika ubongo na ugwe wa mgongo. Mzazi angojaye mtoto alalamikie mgongo huenda akazipuuza dalili zenyewe: homa ya ghafla, maumivu makali ya kichwa, kutapika, kuchukia mwanga na kuchanganyikiwa. Kwa mtoto mchanga, huenda zikawa ni kukataa kunyonya, kulegea mwili, au kufura utosi.

Kasoro ya pili imo katika tafsiri ya neno kwa neno. Tukiandika kwamba mgonjwa ana "shingo ngumu", Mswahili atafahamu kwamba ni mkaidi. Usemi ufaao ni "shingo kukakamaa", yaani mgonjwa ashindwa kuinamisha kidevu hadi kifuani.

Kasoro ya tatu ndiyo ya hatari zaidi. Neno "upele" humfanya msomaji afikirie kitu kiwashacho, cha kupakwa dawa na kungojewa kipone. Alama za ugonjwa huu hutokana na damu iliyovilia chini ya ngozi, nazo hazififii zikigandamizwa kwa ubavu wa bilauri. Kitenzi "kuvilia" tunacho. Kwa nini basi tusiseme "madoa ya damu iliyovilia"? Katika ngozi nyeusi yatafutwe viganjani, nyayoni na ndani ya kope. Tena ielezwe wazi kwamba bakteria hao wakiivamia damu, shingo yaweza isikakamae kabisa, na kwamba madoa hayo yasingojewe ndipo mgonjwa apelekwe hospitali.

Wapo watakaosema kwamba muktadha utamwongoza msomaji. Hoja hiyo yafaa darasani. Mama aliyempakata mtoto mwenye homa usiku wa manane hana wasaa wa kuupima muktadha. Ahitaji neno litakalomwinua mara moja. Wasomaji wenye maneno bora zaidi katika lahaja zao wanaombwa wayalete yajadiliwe.