Mgomba Usio na Mbegu

Anayepanda mche wa mringaringa kwenye kihamba chake, huko Uru au Marangu mlimani Kilimanjaro, anajua kwamba huenda mbao zake zikaja kupasuliwa na mtu ambaye hajazaliwa. Anaupanda hivyo hivyo. Anauzungushia vijiti kuku wasiufukue, kiangazi anaumwagia maji aliyooshea vyombo, kisha anaendelea na shughuli zake. Nimewatazama watu wa aina hiyo kwa muda mrefu, na siku hizi nikiulizwa ni wapi nilikojifunza kuamini, jibu langu huanzia kihambani kabla halijafika kanisani. Wakulima wa vihamba ni mafundi. Tunawasifu wachonga milango wa Zanzibar na waunda majahazi wa Lamu, nao wanastahili. Lakini huyu anayefanya kazi na vitu vilivyo hai, ambavyo havitulii hata siku moja, bado hatujamsifu ipasavyo.

Kuanzia kama mita 1,000 hadi 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, miteremko ya kusini na mashariki ya Kilimanjaro imefunikwa na kijani ambacho mgeni hudhani ni msitu. Ni bustani za watu, ndizo zinazoitwa vihamba. Shamba la mahindi na maharage liko chini, tambarare, kwenye joto. Kihamba kiko juu, kinaizunguka nyumba, na hakipumziki msimu wowote. Juu kabisa imesimama miringaringa na miruka, pamoja na migrevilea iliyoletwa na wageni. Chini yao kuna miparachichi, kisha migomba, kisha kahawa. Kahawa nayo inafunika magimbi na maharage, na kiazi kikuu kinapanda taratibu kwenye shina la mti wowote kilioupata. Pembeni liko banda la ng'ombe asiyetoka kwenda malishoni, na katika matawi ya juu inaning'inia mizinga ya nyuki. Mwaka 1984 wataalamu watatu, Fernandes, O'kting'ati na Maghembe, walichapisha utafiti wao juu ya vihamba hivi, wakaeleza kwamba wastani wa ukubwa wake ni hekta 0.68, yaani kama ekari moja na theluthi mbili. Katika eneo hilo dogo familia ilikula, ikauza, ikajenga, ikatibiwa na ikazikwa.

Kinachopimwa na fundi wa kihamba, kuliko hata maji na mbolea, ni mwanga. Kahawa ikifunikwa mno haitoi maua ya kutosha. Ikiachwa wazi kabisa inazaa kupita nguvu zake, matawi yanakauka, na mwaka unaofuata inadoda. Kwa hiyo mtu anapopanda juu ya mruka na panga, haendi kutafuta kuni tu, ingawa kuni atazipata. Anafungua dari kidogo hapa, anaacha kivuli pale, akikumbuka jua linapita wapi mwezi Julai ukungu unapokaa hadi adhuhuri, na linapita wapi Februari linapochoma. Hana karatasi ya kuandikia mambo hayo. Yamo kichwani na mikononi.

Bibi mmoja wa Uru aliwahi kuniruhusu nimfuate akihudumia migomba yake. Alianza kwa kukizunguka kichaka kizima, panga likiwa kwapani, bila kugusa chochote. Kila kichaka huachiwa vizazi vitatu: mama mwenye mkungu, mtoto anayemfuata kwa kimo, na mjukuu aliyechomoza karibuni. Machipukizi mengine yote huondolewa, la sivyo yatanyang'anyana chakula na hakuna hata moja litakalozaa mkungu wa maana. Wajukuu walikuwa wengi. Mmoja ulikuwa na majani mapana, umenawiri, umejaa afya machoni pangu. Mwingine ulikuwa na majani membamba yaliyobana, hauvutii hata kidogo. Akaukata ule mpana.

"Bibi, si ndio ulikuwa mzuri?"

"Huo umeachana na mama yake mapema, mwanangu. Unapendeza leo, lakini mkungu wake utakuwa mdogo. Huu mwembamba bado unanyonya."

Nikamuuliza amejifunza wapi kuyaona hayo. Akasema, "Kwa mama mkwe. Alikuwa akinikaripia kila nikikosea, mpaka nikaacha kukosea." Akainama, akasafisha shina kwa ncha ya panga, akayabandua maganda makavu yaliyozunguka mgomba ambamo fukusi hujificha, akayatandaza chini kuhifadhi unyevu. Mgomba uliokwisha kuvunwa aliukatakata vipande: hivyo ni vya ng'ombe, vina maji na vinashibisha. Samadi ya ng'ombe huyo itarudi kwenye shina lile lile kabla ya masika. Mama mkwe wake amelala hatua chache kutoka hapo, nyuma ya masale, na migomba tuliyokuwa tukiihudumia ndiye aliyeipanda.

Hapo ndipo nilipopata la kustaajabia ambalo sijalimaliza hadi leo. Mgomba wa mchare, ambao ndizi zake ndizo za mtori anaopikiwa mama mzazi, hauna mbegu. Haupandwi na ndege wala upepo. Kila mchare uliopo mlimani ni kipande cha mchare mwingine, na huo wa mwingine, kurudi nyuma karne baada ya karne hadi ndizi za kwanza zilizovuka Bahari ya Hindi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Kila hatua ya safari hiyo ilihitaji mkono wa mtu: mtu aliyechimba chipukizi, akalibeba begani, akalipa shimo jipya, akalitilia samadi. Kizazi kimoja kingezembea, uzi ungekatika. Wataalamu wa jenetiki wameonyesha kwamba mchare ni ndugu wa karibu wa ndizi za Cavendish zinazouzwa kwenye maduka makubwa ya Ulaya, na jambo hilo linapendeza kulijua. Mimi hushikwa zaidi na lile la mikono. Ninapokula kiburu cha mchare ninakula matokeo ya uaminifu wa watu ambao majina yao yamesahaulika na ambao hawakuwahi kunifikiria mimi. Sijui njia nyingine iliyo wazi zaidi ya kumweleza mtoto maana ya neema.

Na bado kihamba hakikosi ajabu za siku mbili tatu. Mvua ya vuli ikishanyesha vizuri baada ya kiangazi, mibuni hukaa kama siku kumi hivi bila kuonyesha kitu, kisha asubuhi moja unatoka nje unakuta matawi yote meupe. Harufu yake inaingia hadi chumbani. Nyuki huwahi kabla ya jua kukolea, na ukisimama chini ya mringaringa unasikia mvumo wao bila kuwaona. Siku ya tatu maua yamekwisha kuwa ya kahawia. Sikukuu hiyo haina tangazo, na aliyekuwa mjini kwa shughuli zake imempita. Kahawa yenyewe si mwenyeji wa kale. Ililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima waliishika kwa bidii kiasi kwamba kufikia 1925 walikuwa na chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikafuatiwa na chama cha ushirika cha KNCU. Ada za shule za babu zetu zilitoka kwenye matawi hayo. Lakini nani aliyewahi kuzizungumzia ada hizo akakumbuka kutaja maua?

Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyetumia miaka mingi mlimani hapa, aliandika mwaka 2006 kwamba vihamba vina zaidi ya aina 500 za mimea, na zaidi ya 400 kati ya hizo hazikupandwa na mtu. Zimejiotea, na wenye nyumba wakaziacha ziishi. Uamuzi wa kuacha ni sehemu ya ufundi. Mkulima mgeni huona magugu. Mwenye kihamba anaona majani ya ng'ombe, dawa ya tumbo la mtoto, msesewe ambao gome lake litaipa pombe ya mbege uchungu wake, na mimea mingine ambayo haina kazi anayoijua ila haijamkosea. Kinyonga anaruhusiwa kupita zake. Chozi anafyonza kwenye ua la mgomba, na hakuna anayemfukuza. Ukarimu huo haukuandikwa kwenye kitabu chochote cha kilimo bora, na ninauhesabu kuwa ni namna ya ibada.

Nasema ibada nikijua kwamba nazungumza juu ya mlima wenye makanisa kila kona, pamoja na misikiti yake. Kabla ya hayo yote watu hapa walimwomba Mungu kwa jina la Ruwa, na wazee walimiminia wahenga mbege na maziwa humo humo migombani. Petro Itosi Marealle, aliyekuwa mangi, yaani chifu, wa Marangu, alikipa kitabu chake cha 1947 jina la *Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera*, na aliyekulia kihambani hashangai kuona dunia na ahera zimewekwa katika mstari mmoja, kwa kuwa kaburi la babu na jiko la bibi vilitenganishwa na safu chache za kahawa. Masale ndiyo yanayoonyesha mpaka wa kihamba, ndiyo yanayoonyesha kaburi, na ndiyo yanayopelekwa na aliyekosa anapokwenda kuomba msamaha kwa ndugu au jirani. Kukataa masale ni jambo zito. Mmea mmoja unabeba mipaka, wafu na upatanisho, nao unaota hapo uani ambapo mtoto hujifunza kutambaa.

Wamisionari wa Leipzig walipofika 1893, wengi walidhani wamekuja kuleta imani mahali ambapo haikuwepo. Naamini waliikuta ikipaliliwa. Ushahidi wangu ni Jumapili ya mavuno. Mikungu hubebwa kichwani hadi mbele ya madhabahu, pamoja na kuku waliofungwa miguu, mayai, magimbi yenye udongo mbichi na debe la kahawa. Baada ya ibada vinanadiwa uwanjani, na mtu hununua mkungu wa jirani yake kwa bei kubwa kuliko ya sokoni, huku wa kwake ukinunuliwa na mwingine. Sala za siku hiyo ni fupi. Waliokuja wamekwisha kuomba mwaka mzima kwa kupalilia, kubeba majani ya ng'ombe kutoka tambarare, na kusafisha mfongo, yaani mfereji wa maji, zamu yao ilipofika. Mfongo ule ulichimbwa na watu wa zamani kufuata mteremko kwa macho matupu, na maji yanatiririka mpaka leo pale ambapo ukoo umekubali kuendelea kushirikiana.

Imani ninayoizungumzia haiahidi kwamba mambo yatakwenda vizuri. Upepo wa usiku mmoja unaweza kuangusha migomba yote yenye mikungu. Barafu ya Kibo ilipungua kwa kama asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, na ingawa sehemu kubwa zaidi ya maji yetu hutoka kwenye msitu kuliko kwenye barafu, msitu nao umeonja moto na misumeno. Hatari kubwa zaidi naiona karibu na nyumbani. Ekari moja na theluthi mbili ya 1984 imegawanywa kwa wana, na wana wa wana. Bei ya kahawa ilipoanguka, wengi waling'oa mibuni. Miringaringa inakatwa bila kupandwa mingine. Vihamba vingi vina nyumba nzuri ya vyumba vinne iliyofungwa kufuli miezi kumi na moja, imezungukwa na zege, na bibi mmoja jirani ndiye anayeshika funguo. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Ni heshima kubwa, na nilifurahi ilipotolewa. Lakini cheti hakiwezi kumfundisha mtu ni chipukizi lipi la kubakiza.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaopanda mlima kila Desemba, mkitoka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na mbali zaidi, magari yamejaa mchele na zawadi. Kabla fundi hajaitwa kuongeza zege, mwambieni mama au shangazi awazungushe kihamba kizima, asubuhi, watoto wakiwepo. Muulizeni kila mgomba ni wa nani na ulitoka wapi. Mpeni mtoto panga dogo na mwacheni akate chipukizi lisilotakiwa, akaripiwe akikosea. Na kama kazi ya mjini inaruhusu, ombeni likizo nyingine mwezi Machi, kwa sababu masika yanapoanza ndipo chipukizi la mchare hushika vizuri, na mashimo yanahitaji watu wenye nguvu za kuyachimba.