Sungura wa Kijapani na kisa cha neno 'anko'

Miaka mingi iliyopita, katika semina ya wanafunzi wa uzamili, kijana mmoja alisimama akapendekeza kuandika tasnifu kuhusu vibonzo. Nilimkatiza kabla hajamaliza. Nilimwambia kwamba vibonzo ni vya kuchekea wakati wa chai ya saa nne, si vya kuandikia tasnifu. Wenzake wakaangua kicheko. Kijana akaketi, na muhula uliofuata akaja na mada nyingine kuhusu taswira katika ushairi, mada salama isiyomkera profesa yeyote. Alihitimu vizuri. Lakini tangu juzi nahisi kwamba nina deni lake.

Aliyenikumbusha deni hilo ni mjukuu wangu wa miaka 14. Alikuja likizoni na kitabu kimoja cha mfululizo uitwao Usagi Yojimbo, akiwa na nia ya kutafsiri sura moja kwa ajili ya chama cha Kiswahili shuleni kwao. "Babu, nisaidie tu kidogo. Maneno yenyewe si mengi." Kweli hayakuwa mengi. Lakini yalitukalisha mezani siku mbili nzima, na neno moja karibu litugombanishe.

Kwa msomaji asiyeujua mfululizo huu, nianze na yaliyo wazi. Mtunzi wake ni Stan Sakai, aliyezaliwa Kyoto nchini Japani mwaka 1953 na kulelewa Hawaii. Hadithi ya kwanza ilichapishwa mwaka 1984, na hadi leo, zaidi ya miaka 40 baadaye, mhusika yule yule bado yuko njiani. Sakai huandika hadithi, huchora, na hata maneno yaliyomo kwenye viputo huyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Awali alitaka kuchora maisha ya Miyamoto Musashi, mpiganaji maarufu wa upanga katika historia ya Japani. Siku moja akachora sungura, akamfunga masikio utosini kama samurai afungavyo nywele, na mchoro ukamkaa moyoni. Musashi akageuka kuwa Miyamoto Usagi.

Mandhari ni Japani ya mwanzoni mwa karne ya 17, ukoo wa Tokugawa ulipokuwa umeshika hatamu za utawala baada ya vita vya muda mrefu. Amani ilipoingia, samurai wengi walijikuta hawana kazi. Usagi ni mmoja wao. Bwana wake, Mifune, aliuawa vitani kwa sababu ya usaliti, na tangu hapo yeye huzunguka kijiji hadi kijiji akiuza ulinzi wake kwa chakula na malazi. Usagi kwa Kijapani ni sungura, na yojimbo ni mlinzi wa kukodiwa. Wahusika karibu wote ni wanyama wanaovaa, kusema na kufa kama binadamu.

Sisi tuliolelewa kwa hadithi za jikoni tunadhani tunamjua sungura. Sungura wetu ni mjanja wa kupindukia. Humpanda fisi kama farasi, humdanganya simba, kisha huyo, vumbi tu linabaki. Hana mtemi wala deni, na aibu haijui. Usagi ni kinyume chake kabisa. Akimwahidi mkulima asiye na kitu, atatimiza ahadi hiyo hata ikimgharimu damu. Ujanja katika mfululizo huu wamepewa wengine. Kuna mbweha Kitsune, mwizi wa mifuko, na kuna kifaru Gennosuke, msaka wahalifu kwa malipo, ambaye wakila pamoja hutoweka na kumwachia Usagi bili. Mjukuu wangu alinieleza hilo kwa mshangao: "Huyu sungura ndiye anaibiwa, babu!" Nami nikaanza kuelewa kwamba Sakai anauliza swali ambalo hadithi zetu za sungura hazina haja ya kuliuliza: mtu mwaminifu aishi vipi iwapo yule aliyeapa kumtumikia hayupo tena?

Swali hilo limo ndani ya msamiati wenyewe. Neno samurai limetokana na kitenzi cha Kijapani chenye maana ya kutumikia. Ronin, yaani samurai asiye na bwana, huandikwa kwa alama mbili: ya kwanza ni wimbi, ya pili ni mtu. Mtu wa mawimbi! Mja wa pwani hahitaji kufafanuliwa picha hiyo. Sakai anajua thamani ya maneno haya, ndiyo maana anayaacha kwa Kijapani katikati ya Kiingereza chake, na kuyafafanua kwa tanbihi fupi pembeni ya mchoro. Baada ya kurasa 20 msomaji haziangalii tena tanbihi hizo. Sisi tunaoandika Kiswahili mara nyingi hatuna ujasiri huo. Tukiandika neno kama jamvi au kaniki tunakimbilia kuomba radhi, kana kwamba msomaji hana akili ya kujifunza neno jipya kutokana na muktadha.

Ujasiri huo huo umo katika matumizi yake ya kimya. Kuna hadithi moja kuhusu mtengenezaji wa tiara ambapo Sakai anatuonyesha kazi ya mikono hatua kwa hatua, mianzi na karatasi na rangi, bila haraka yoyote, ilhali tunajua kwamba panga ziko karibu kuchomolewa. Katika mapigano yenyewe damu haionekani sana. Mtu akifa, kiputo kidogo chenye fuvu hutoka kinywani mwake, basi. Mtoto atacheka fuvu lile mara ya kwanza. Likirudi mara ya mia moja, hachekeki tena. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijui mtunzi wa vibonzo anayeuthibitisha usemi huo kuliko huyu.

Hapo ndipo tulipofika kwenye neno lililotugombanisha. Kijijini kwao Usagi, msichana aliyempenda tangu utotoni, Mariko, aliolewa na Kenichi, hasimu wake wa tangu utotoni. Mariko ana mtoto aitwaye Jotaro. Usagi anakuja kujua kwamba mtoto huyo ni damu yake. Katika sehemu moja ya mfululizo wanasafiri pamoja, baba na mwana, na Usagi hamwambii. Tunakuja kugundua kwamba Jotaro naye anajua, naye hasemi. Kila mmoja anamlinda mwenzake dhidi ya jambo ambalo wote wawili wanalijua. Kote njiani mtoto anamwita Usagi kwa neno la Kiingereza litumiwalo kwa ndugu yeyote wa kiume wa baba au mama.

Mjukuu wangu alikuwa ameandika "anko". Nilikata kwa kalamu nyekundu, mazoea ya kazi. Nikaandika "mjomba". Akaniangalia. "Lakini babu, mjomba si ni ndugu ya mama? Sasa Usagi atakuwa ndugu yake Mariko, na walikuwa wanapendana." Nikaona aibu kidogo. Nikafuta, nikaandika "ami". Akauliza ami ni nani. Nikamwambia ni ndugu wa baba, baba mdogo. Akafikiri, kisha akasema kitu ambacho sijakisikia kwenye semina zangu kwa muda mrefu: "Sasa si tumeshasema siri? Kila akimwita baba mdogo, anamwita baba."

Nilijaribu kujitetea. Nilisema kwamba Kiswahili ni tajiri wa istilahi za ujamaa, na utajiri huo usitupwe kwa sababu ya neno la mitaani lililokopwa juzi. Lakini huku nikisema nilijua kwamba nimeshindwa. Utajiri wetu hapa ndio unaotuponza. Kiswahili sanifu kinamlazimisha mtoto kuchagua upande, wa mama au wa baba, na hadithi nzima imejengwa juu ya mtoto asiyechagua. Neno "anko" jinsi watoto wetu wanavyolitumia leo Nairobi au Nakuru halibainishi upande. Rafiki ya baba ni anko, jirani ni anko, hata dereva wa basi la shule ni anko. Ni neno la heshima lisilouliza maswali. Kwa hiyo linaficha kile kile ambacho Jotaro anakificha. Nilirudisha "anko" kwa mkono wangu mwenyewe.

Sisemi kwamba mfululizo huu hauna dosari. Mhakiki asiyeona dosari amegeuka mpiga debe. Hadithi nyingi hufuata njia moja: Usagi anafika, anakuta dhuluma, anapigana, anaondoka. Bwana Hikiji, adui mkuu, kwa muda mrefu ni kivuli kuliko mtu. Zaidi ya yote, wakulima wa Sakai wanaokolewa mara nyingi kuliko wanavyojiokoa. Usagi humpinga bwana mbaya, lakini ni nadra kuuliza kwa nini mwenye panga mbili kiunoni awe na amri juu ya mwenye jembe. Msomaji wa Ngũgĩ wa Thiong'o hawezi kulipita hilo bila kukohoa. Hata hivyo, kazi hii imeweza kubeba mambo mazito. Simulizi yake ndefu kuhusu upanga wa Kusanagi, mojawapo ya hazina tatu za kifalme za Japani, ilitunukiwa Tuzo ya Eisner mwaka 1999, na inamweka Usagi mahali ambapo kumtii mkubwa na kuizuia nchi isiingie vitani si jambo moja tena.

Nasi hapa kwetu tulikuwa na mahali pa kuanzia. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliishi kwa miongo kadhaa katika kurasa za Taifa Leo, akisomwa na watu wengi kuliko riwaya zote nilizowahi kufundisha. Ni wangapi kati yetu maprofesa waliomwandikia Juha hata makala moja ya maana? Tuliwasomesha watoto kwamba fasihi ni riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi, tukafunga mlango. Waliobaki nje ya mlango ni wachoraji, na wasomaji wao.

Mjukuu wangu ameshasoma tafsiri yake mbele ya wenzake. Ameniambia kwamba walipofika pale Jotaro anapoagana na "anko" wake, darasa lilinyamaza. Mwalimu wake, nasikia, alipendekeza neno hilo libadilishwe liwe "mjomba". Amekataa, na nimemwambia anitaje kama shahidi wake.

Na wewe kijana wa semina ile, ambaye sasa lazima una mvi zako mwenyewe: kama unasoma safu hii, mada yako ilikuwa nzuri. Nilistahili kunyamaza nikusikilize.