Kona ya mdarizi

Chukua kanzu iliyodariziwa shingoni kwa cherehani, igeuze ndani nje, kisha tazama upande wa chini wa kaba. Mbele kuna ua na kikonyo chake. Nyuma kuna habari za mtu aliyekuwa ameketi. Ukiona uzi wa bobini umepita kama ufito mwembamba katikati ya kila jani, na uzi wa juu umeukumbatia pande zote mbili, jua fundi alikuwa ametulia. Ukiona mishono inaanza mifupi na yenye kushikana, kisha inarefuka na kuyumba kadiri ua linavyopanda kuelekea begani, hapo kuna mabega yaliyochoka, au jicho lililokuwa likikisia badala ya kuona. Ndiyo maana anayetaka kuisifu darizi ya cherehani kwa haki na aanze na kiti, meza na dirisha kabla hajalifikia ua. Katika kazi hii mahali pa kukaa ni sehemu ya ufundi wenyewe, na raha ya mwili wa fundi ni kifaa, kama sindano ilivyo kifaa.

Wengi hudhani kudarizi kwa cherehani ni kushona kulikoongezwa mapambo. Sivyo. Katika kushona kwa kawaida cherehani ndiyo inayovuta kitambaa: meno yaliyo chini ya sindano hukisukuma hatua kwa hatua, mguu wa kubania hukishika, na mikono huongoza tu. Mdarizi anayetumia cherehani ya kukanyaga huinyang'anya cherehani madaraka hayo. Huyateremsha meno au huyafunika kwa kibati, huuondoa mguu, hukaza kitambaa kwenye fremu ya duara mpaka kilie kama ngoma kikigongwa kwa kidole, na kuanzia hapo sindano inajua jambo moja tu, kupanda na kushuka. Urefu wa mshono, mwelekeo wake, mzingo wa jani, vyote vinatoka mikononi. Miguu inatoa mwendo, mikono inatoa umbo, na mshono unazaliwa pale viwili hivyo vinapokubaliana. Miguu ikiharakisha na mikono ikachelewa, nyuzi hurundikana. Mikono ikitangulia, mishono hupanuka, na sindano iliyovutwa pembeni hupinda na kukatika. Tena upo mtego mdogo ambao wanafunzi wengi hunasa: ijapokuwa mguu wa kubania haupo, wenzo wake lazima uteremshwe, kwa sababu ndio unaofunga visahani vinavyokaza uzi. Ukiusahau, juu kitambaa kitaonekana salama na chini kutakuwa na kiota cha ndege. Hii ni kazi ya kupatanisha macho, mikono na nyayo kwa saa nyingi, kama ilivyo kazi ya mwanamuziki. Hakuna anayemtaka mpiga ganuni wa taarabu apige usiku kucha akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, lakini mdarizi huachwa akalie chochote kilichopo.

Historia ya cherehani yenyewe iko upande wa mdarizi. Barthélemy Thimonnier, fundi nguo wa Ufaransa aliyepata hataza mwaka 1830, aliiga katika mashine yake mshono wa mnyororo wa wadarizi waliotumia sindano yenye ndoana. Kwa hiyo mojawapo ya cherehani za kwanza kabisa kufanya kazi ilizaliwa na darizi. Isaac Singer alipopata hataza yake Marekani mwaka 1851, sanduku la mbao lililosafirishia cherehani ndilo lililogeuka kuwa meza yake, pamoja na kanyagio. Baadaye kikaja kile kiunzi cha chuma ambacho bado kinaonekana katika nyumba na vibaraza vyetu, chenye gurudumu na mkanda ubavuni, na ubao wenye tundu ambamo kichwa cha cherehani kinazama mpaka kikalingana na meza. Waliokibuni walielewa kwamba cherehani isiyo na mahali pake ni nusu ya chombo.

Uelewa huo umepotea kidogo tangu cherehani ndogo za umeme zianze kuuzwa peke yake, bila meza. Mtu huinunua, huileta nyumbani na kuitua juu ya meza ya kulia chakula. Meza hiyo ina kimo cha sentimita 75 hivi, nacho kitako cha cherehani kinaongeza sentimita kadhaa juu yake, na kwa hiyo viganja vya fundi vinafanya kazi kwenye kimo cha zaidi ya sentimita 80. Hapo viwiko havina budi kupanda, mabega yanafuata masikio, na kabla ya saa moja kuisha mikono inaanza kuvuta fremu kwa mkupuo badala ya kuitelezesha. Kipimo sahihi hakihitaji futikamba: keti wima, yaache mabega yalegee, kunja viwiko, na pale viganja vilipotua ndipo kitambaa kinapotakiwa kuwa. Seremala wa mtaani anaweza kutoboa meza ili cherehani izame, au kuikata miguu. Asiyetaka kuigusa meza na apandishe kiti, kisha aweke ubao imara chini ya nyayo na chini ya kanyagio, ili magoti yasining'inie. Kiti cha plastiki chenye mikono, kile cha arusini na misibani, hakifai kabisa, maana mikono yake huvizuia viwiko na mgongo wake umelala. Stuli pana yenye sponji, au kiti cha mbao kilichowekewa kanga zilizokunjwa, ni bora mara kumi. Na fundi akae mbele ya sindano. Wengi hukaa mbele ya katikati ya cherehani, kwa kuwa ndipo jicho linapoona uzani uko sawa, kisha wanashinda siku nzima kiuno kimepinda kuelekea kushoto bila kujua kwa nini kinauma.

Lakini kama ingebidi kuchagua kimoja tu, mwanga ungekitangulia kiti. Fikiria darizi ya kanzu ya pwani: uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Hakuna rangi ya kulisaidia jicho, na ua lote linaonekana kwa kivuli chake tu, ule mwinuko wa nusu milimita ambao uzi unaufanya juu ya kitambaa. Taa iliyoning'inizwa katikati ya dari huua kivuli hicho mara mbili: inamulika kutoka juu hadi maua yote yanalala, na inakirusha kivuli cha kichwa cha fundi mwenyewe juu ya fremu. Taa hiyo hiyo ikishushwa, ikawekwa kushoto na chini kiasi, mwanga ukalamba kitambaa kwa upande, kila mshono unasimama na kivuli chake chembamba, na jani lililoachwa wazi kati ya nyuzi mbili linajitangaza. Dirisha la kando hufanya kazi hiyo bila gharama. Kiwango cha Ulaya cha mwanga wa sehemu za kazi kinataka lux 750 kwa ushonaji, wakati kazi ya kusoma na kuandika ofisini inatakiwa 500. Yaani waliopima wamekubali kwamba mwenye sindano anahitaji mwanga kuliko mwenye kalamu. Hata hivyo jua kali lililoanguka moja kwa moja juu ya kitambaa cheupe linaumiza kama giza, na pazia la kitambaa chepesi linatosha kulipooza. Uzi mweusi juu ya buibui jeusi una shida yake nyingine, kwa sababu unameza mwanga wote uliopewa, na fundi mwenye busara huipangia kazi hiyo mchana.

Hapa atainuka mtu na kusema: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Wazee, atasema, walidarizi juu ya mikeka na katika kumbi nyembamba, hawakupima kimo cha meza wala hawakujua lux ni kitu gani, na kazi zao ndizo tunazoziiga. Hoja hii ina heshima yake, na haifai kupuuzwa. Kofia za viua za Zanzibar na Lamu, ambazo ndugu yao, kofia iitwayo kumma, huvaliwa Oman, zimeshonwa kwa mkono majumbani, na nyingine huchukua miezi. Lakini tuangalie kwa makini mshonaji wa kofia anafanyaje. Kazi yake ni nyepesi kama kiganja, huenda nayo popote. Jua likisogea, naye husogea. Mguu ukifa ganzi, huunyoosha. Huegemea ukuta, hulaza kazi gotini, huiinua karibu na macho, huiweka chini akinywa kahawa. Mwili wake uko huru, na uhuru huo ndio starehe yake. Cherehani haiwezi kumfuata mtu. Inamfunga miguu kwenye kanyagio, mikono kwenye fremu, macho kwenye sindano, hivyo kosa lolote la mahali linarudiwa mara elfu kwa saa. Tena si kweli kwamba wazee hawakuchagua. Baraza ya nyumba ya Kiswahili ina kivuli, ina upepo, ina ukuta wa kuegemea, na mwanga wake unatoka ubavuni. Waliokaa pale na sindano walikuwa wamekwisha kupatafuta mahali pa kazi, na walipapata.

Mwingine atadai kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa sasa ziko cherehani zenye kompyuta, unaingiza mchoro na mashine inadarizi yenyewe. Hizo nazo zina sifa zao. Mchoro wa mishono 12,000 kwa mwendo wa mishono 600 kwa dakika unakwisha kwa dakika 20 za kazi tupu. Ila mashine hizo hazijaliondoa suala la mahali, zimelihamishia mezani. Katika mashine hizo, mkono wa mashine ndio unaoibeba fremu mbele na nyuma, kulia na kushoto, na mkono huo hauoni. Meza ikisukumwa mpaka ukutani, kama watu wengi wafanyavyo ili kuokoa nafasi, fremu inayorudi nyuma inagonga ukuta. Mashine haijui, inaendelea kuhesabu, na kuanzia hapo mstari wa nje wa ua unadariziwa milimita mbili kando ya ua lenyewe. Kikombe kilichosahauliwa, makasi, hata sehemu ya kanzu iliyoning'inia ukingoni na kuvuta kwa uzito wake, vyote vinaleta kosa hilo hilo. Meza nyepesi hutikisika, na mtikisiko ukizidi mishono huhama. Kwa hiyo meza nzito, nafasi wazi nyuma ya fremu, na ubao wa pembeni wa kupokea uzito wa nguo vinahitajika kuliko zamani. Kiti cha fundi nacho hakijastaafu: bado kuna kukaza kitambaa kwenye fremu, kubadilisha rangi, kukata nyuzi zilizovuka, na kung'oa kitambaa cha kukazia kilichowekwa chini, kazi za vidole na za kuinama.

Pingamizi zito kuliko yote ni la nafasi. Anayeishi chumba kimoja cha kupanga, chenye kitanda, kabati, jiko la gesi na watoto wawili, ataona maneno haya ni ya wenye nyumba kubwa. Jibu la kweli ni kwamba mdarizi hahitaji chumba. Anahitaji kona isiyohama. Meza ya urefu wa mita moja chini ya dirisha inatosha. Vipande vya kandambili chakavu chini ya miguu yake vinameza mtikisiko na kumpa jirani usingizi wake. Nyuzi zipande ukutani, kwenye ubao wenye misumari, zikiwa zimepangwa kwa rangi na kufunikwa zisichujuke kwa jua, kwa sababu mtaka cha mvunguni sharti ainame, na fundi anayeinama chini ya kitanda kila anapobadili rangi ataanza kuiepuka rangi hiyo. Ua litapungukiwa na kivuli chake kwa ajili ya kiuno kinachouma. Makasi yafungwe kwa utepe kwenye ukingo wa meza. Sindano zikae kwenye kichupa chenye kifuniko, hasa pwani, ambako hewa ya chumvi huzitia kutu, na sindano yenye kutu hukwaruza uzi mpaka ukakatika. Karibu vyote hivi vinapatikana kwa vitu vilivyo tayari ndani ya nyumba.

Kisichopatikana kirahisi ni ridhaa ya wanaoishi humo. Kona hii hudaiwa na kila mtu: sufuria inatuliwa pale, daftari la hesabu linafunguliwa pale, mgeni anaweka pale mkoba wake. Mara nyingi mdarizi wa nyumbani ni mwanamke, na kazi yake huhesabiwa kuwa kitu cha kupitishia wakati hata pale inapolipa ada za shule, basi meza yake nayo huhesabiwa kuwa ya wote. Kila ikiondolewa na kurudishwa, kimo hubadilika, mwanga hubadilika, mkanda hulegea, na nusu saa nzuri ya asubuhi hupotea katika kupanga upya. Kuiacha meza pale ilipo ni namna ya nyumba nzima kukiri kwamba hapa pana fundi. Kitu kimoja tu hakifai kulala kama kilivyoachwa, nacho ni kitambaa ndani ya fremu, kwa sababu usiku mzima wa kukazwa hukiachia duara ambalo pasi haiwezi kulifuta kirahisi. Jioni basi fremu hulegezwa, kazi hukunjwa ndani ya kitambaa safi, cherehani hufunikwa kwa kipande cha kanga, na kiti huachwa pale pale, mbele ya sindano.