Madabodi ya seva iliyopigwa na stima: pima kabla ya kuwasha

Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, gridi ya taifa ilianguka na sehemu kubwa ya Kenya ikawa gizani. Ilianguka tena Desemba mwaka huohuo, kisha Mei 2024. Kaunti ya Nakuru, yenye visima vya mvuke vya Olkaria, haina kinga dhidi ya hitilafu za aina hiyo. Giza lenyewe haliunguzi seva. Kinachounguza ni stima inaporudi, volti zikipanda na kushuka kabla ya kutulia kwenye 240. Masika nayo huja na radi.

Seva ikikataa kuwaka, mwenyewe hubonyeza kitufe tena na tena. Namwelewa, maana hesabu za ushirika au rekodi za wagonjwa zimo humo. Lakini kitufe hicho ndicho kinachoua mashine ambayo ingepona.

Sababu ni hii. Pawasaplai hutoa volti 12, ilhali prosesa hutumia takriban volti moja. Kazi ya kuzipunguza hufanywa na mosfeti, koili na kapasita zilizojipanga kandokando ya prosesa. Mosfeti hizo hufanya kazi mbilimbili: ya juu hufungulia volti 12 kwa kitambo kifupi mno, ya chini hupokea zamu, na hivyo hivyo mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Ya juu ikipigwa shoti, mlango unabaki wazi na volti 12 zinaelekea moja kwa moja kwenye prosesa. Pawasaplai nzuri huhisi hatari na kujizima, lakini kila kitufe kinapobonyezwa ni kuiomba ijaribu tena.

Kwa hiyo fundi makini huanza bila umeme kabisa. Huchomoa nyaya, hutoa prosesa, memori na kadi zote, husubiri kapasita ziishiwe chaji, ndipo anashika multimita. Laini ya volti 12 ikipimwa dhidi ya grandi na kusoma karibu na sufuri, kuna shoti. Laini ya prosesa ndiyo mtego: prosesa ikiwa mahali pake, laini hiyo inaweza kusoma chini ya omu moja hata ikiwa nzima. Madabodi ngapi zimetupwa kwa kusomwa vibaya hapo! Dawa ni kupima prosesa ikiwa nje, na ikiwezekana kulinganisha na madabodi nzima ya modeli ileile.

Seva ina faida ambayo kompyuta za mezani kwa kawaida hazina. Juu ya madabodi kuna kidhibiti kidogo kinachoendeshwa na umeme wa kusubiri hata seva ikiwa imezimwa, nacho huandika kumbukumbu za matukio. Laini ya umeme huo ikipimwa na kuonekana safi, waya unaweza kuchomekwa bila kugusa kitufe, kisha kumbukumbu zikasomwa kupitia mtandao. Humo hukutwa laini iliyovuka mpaka na saa ilipovuka.

Kumpata mkosaji ndiyo kazi yenyewe. Laini moja hubeba makumi ya kapasita ndogo za kauri, na moja ikifa, zote husoma shoti. Hapo fundi huingiza volti moja kutoka pawasaplai ya benchi, mkondo ukiwa umewekewa kikomo, wala hazidishi volti za kawaida za laini hiyo. Kipande chenye shoti hupata joto. Asiye na kamera ya joto humwagia alkoholi ya aisopropili na kutazama inapokauka kwanza.

Kukiondoa kunataka subira. Madabodi ya seva ina tabaka nyingi za shaba zinazonyonya joto, na lehemu isiyo na risasi huyeyuka karibu nyuzi 217. Madabodi hupashwa kwanza kwa chini, kisha hewa moto hushuka juu. Anayeharakisha hung'oa vibandiko vya shaba. Kapasita moja kati ya nyingi inaweza kuachwa nje kwa muda. Mosfeti hubadilishwa yenyewe na mwenzake, na chipu inayoziendesha hukaguliwa.

Radi ina njia yake: kebo ya mtandao inayounganisha majengo mawili. Transfoma za soketi hutengenezwa kustahimili jaribio la volti 1,500, na radi huzidi hapo mbali. Chipu ya mtandao ikiungua na kuvuta laini ya volti 3.3, naona ni busara kuing'oa na kuchomeka kadi ya mtandao, kuliko kuhangaika na chipu yenye miguu isiyoonekana.

Bado kuna athi. Udongo wa majivu ya volkano unaoizunguka Nakuru hupitisha maji upesi, na ukikauka nguzo ya athi haishiki ardhi vizuri, hivyo kinga ya mawimbi ya stima inakosa pa kuyamwaga. Athi ipimwe Januari au Februari, kabla ya mvua. Kipimo cha Aprili kitaisifia nguzo ambayo kiangazi kitaiangusha.