Nyumba Inayovumilia Joto la Turkana

Mchana wa kawaida Lodwar, mji mkuu wa Kaunti ya Turkana kaskazini mwa Kenya, hufika nyuzi joto 35, na usiku hauteremki sana chini ya 24. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200. Tangazo la nyumba linalosifu vigae na geti bila kusema lolote kuhusu joto limeficha gharama ambayo mnunuzi ataibeba kila mwezi.

Yapo majengo Turkana yaliyolipangia joto hilo tangu kwenye mchoro. Linalojulikana zaidi ni kampasi ya Startup Lions, iliyokamilika mwaka 2021 kwenye mwinuko unaotazama Ziwa Turkana, ambako vijana hufundishwa kazi za kompyuta. Msanifu wake ni Francis Kéré, mzaliwa wa Gando, Burkina Faso, ambaye mwaka uliofuata alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote za usanifu majengo. Kuta zimejengwa kwa mawe yaliyochimbwa huko huko, zikapigwa lipu yenye rangi ya udongo mwekundu. Juu ya majengo imesimama minara mitatu, iliyoigwa kutoka kwenye vichuguu virefu vya mchwa wa Turkana.

Minara hiyo si pambo. Hewa ya ndani ikipata joto huwa nyepesi, hupanda na kutokea juu ya mnara. Ikitoka, huvuta ndani hewa ya nje kupitia matundu ya chini ya kuta. Mzunguko huo hauna mota wala bili. Katika mji kama Lodwar, ambao kwa miaka mingi umeme wake umetoka kwenye jenereta za dizeli, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, anayetaka nyumba ya kulala asiige kila kitu. Ukuta mzito wa mawe huchelewa kupata moto, ndiyo maana darasa hubaki na nafuu hadi alasiri. Jua likizama, ukuta ule ule huanza kulitema joto ndani polepole, saa zile zile mtu anapotafuta usingizi. Eldoret, kwenye baridi ya nyanda za juu, joto hilo la usiku ni neema. Lodwar ni adhabu. Waturkana walilijua hili zamani, wakagawa makao yao: ekol, banda la kivuli la mchana, na akai, kibanda cha kulala cha fito na majani ya mkoma, chepesi mno kuweza kuhifadhi joto. Na wengi, mvua isiponyesha, hulala nje kabisa. Nyumba mbovu kuliko zote kwa hali hiyo ni ile ya kuta nene, bati tupu na madirisha madogo: mchana paa linawaka kama kikaango, usiku kuta zinapokea zamu.

Kakuma nako kuna majaribio. Mwaka 2017 UN-Habitat ilimshirikisha Shigeru Ban, msanifu wa Japani, abuni nyumba za makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, karibu na kambi ya Kakuma. Lengo lilikuwa nyumba ambayo mkaazi ataijenga bila kusimamiwa sana na wataalamu, kwa vifaa vinavyopatikana karibu. Miongoni mwa vifaa alivyopendekeza ni mabomba ya karatasi ngumu, mbao na matofali ya udongo ulioshindiliwa. Karatasi ndiyo iliyovutia wapiga picha, lakini tofali ndilo lenye faida ya kweli hapa. Udongo, maji na saruji kidogo hubanwa kwa mashine, kisha tofali hukaushwa bila kuchomwa. Halili kuni, katika eneo ambalo kuni zimegombanisha wenyeji na wakimbizi tangu kambi ya Kakuma ilipoanzishwa mwaka 1992.

Mambo mengine yanategemea mchoro zaidi kuliko pesa. Turkana iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua hupiga hasa paa na kuta za mashariki na magharibi, ilhali upepo mkuu hutoka kusini-mashariki. Nyumba iliyonyooka mashariki hadi magharibi, yenye madirisha mapana kusini na kaskazini, baraza, na pengo la hewa kati ya bati na dari, hupoa bila kifaa chochote.

Maji nayo yana hesabu yake. Paa la mita za mraba 50, kwa milimita 200 za mvua, hupokea lita 10,000 kwa mwaka, yaani madumu 500 ya lita 20, kabla ya kutoa kinachopotea. Mvua ya Turkana huja kwa vishindo vichache, hivyo tangi dogo litafurika siku moja na kukauka miezi kadhaa. Muulize muuzaji ukubwa wa tangi kabla ya kuuliza rangi ya vigae.

Kisha nenda ukaione nyumba saa nane mchana, urudi saa tatu usiku, uguse ukuta wa chumba cha kulala. Ukiwa bado wa moto, omba bei ipunguzwe au tafuta nyingine.